Kununua gitaa la mtumba Mombasa: papasa nyuzi kwanza, PIN baadaye

Gitaa bovu halikwambii kwamba ni bovu. Linakufanya wewe udhani huna kipaji. Unakaa nalo mwezi mzima kitandani, ncha za vidole zinatoka malengelenge, kila ukibonyeza uzi unasikia zzzz kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Halafu siku moja unaliegemeza nyuma ya mlango na kusema, "Aah, hii kitu si yangu." Na pengine shida haikuwa wewe hata kidogo. Shida ilikuwa nyuzi zilizokaa juu mno, au shingo iliyopinda miaka mingi kabla hujalinunua.

Utauliza, sasa pesa ya simu inahusikaje na gitaa? Inahusika sana. Gitaa la mtumba ni mojawapo ya vitu ambavyo watu wengi hununua kutoka kwa mtu wasiyemjua, kwa picha ya WhatsApp, bila duka, bila risiti, bila garantii. Kinachobaki kama ushahidi ni ujumbe mmoja tu kwenye simu yako. Kwa hivyo leo tunaongea mambo mawili kwa mpigo: jinsi ya kulijua gitaa zima hata kama hujui kupiga, na ni wakati gani hasa wa kutoa simu mfukoni.

Jibu la hilo la pili ni fupi. Mwisho kabisa.

Kwanza, unataka kupiga nini?

Watu wengi huanza na swali la bei. Mimi ningeanza na muziki, kwa sababu muziki unaoupenda ndio unaoamua ni gitaa la aina gani.

Hapa kwetu hakuna uhaba wa walimu wa kusikiliza. Fundi Konde, mzaliwa wa 1924 kutoka upande wa Giriama, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kupiga gitaa la umeme na kulirekodi. Frere Town pale Kisauni, mtaa ulioanzishwa na wamisionari miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, ndiko nyumbani kwa Mzee Joseph Ngala na bango yake. Huko saksafoni ndiyo inayoimba mbele, lakini sikiliza vizuri gitaa linavyotembea chini yake bila haraka. Them Mushrooms nao walianzia hapa Mombasa miaka ya 1970, wakajijenga kwenye mahoteli ya ufuoni, wakatoa "Jambo Bwana" mwanzoni mwa miaka ya 1980. Huo wimbo mpaka leo ukipita karibu na hoteli yoyote yenye watalii utausikia.

Ukitaka rumba au bango ya bendi, unazungumzia gitaa la umeme. Hapo ujue unanunua vitu viwili, gitaa na spika yake ya kupazia sauti, pamoja na waya. Gitaa la umeme lisilo na spika ni kama simu isiyo na laini. Kwa anayeanza na mfuko mdogo, hilo liache kwanza.

Yanabaki magitaa ya mbao yenye tumbo wazi, na hayo yako ya namna mbili. Kuna la nyuzi za nailoni, ambalo nyuzi zake tatu nyembamba ni kama uzi wa kuvulia samaki, shingo yake ni pana, na ni laini kwa vidole. Halafu kuna la nyuzi za chuma, sauti yake ni kali na ya kung'aa, ndilo utakaloliona makanisani kwenye sifa na kuabudu. Mwenda Jean Bosco, yule Mkongo aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, alilifanya gitaa moja la mbao lisikike kama mawili, na alitumia kidole gumba na cha shahada tu. Kwa hivyo usiambiwe kwamba gitaa la mbao ni la watoto.

Rai yangu, na unaweza kunipinga: kama huna uhakika, chukua nailoni. Vidole vitaumia kidogo zaidi katika ile miezi ya kwanza, na miezi ya kwanza ndiyo inayowatoa watu mbio. Lakini kama lengo lako ni kupiga kanisani na mwalimu wako anatumia chuma, nenda na chuma. Ngozi itazoea. Na kama mpigaji ni mtoto wa miaka minane hivi, tafuta lile dogo la robo tatu, mkono wake hautafika kwenye kubwa.

Yanapatikana wapi upande huu wa bara

Ukiwa Likoni, Kisauni au Changamwe, magitaa ya mtumba hutoka njia tatu au nne hivi. Kuna yale yanayokuja na mizigo iliyochanganyika kutoka nje, yale wanayoita ex-UK, utayakuta yamening'inia kati ya redio na baiskeli za watoto. Kuna ya kanisa lililonunua vyombo vipya na linataka kutoa vya zamani. Kuna ya wanamuziki wa mahoteli, wa Bamburi na Shanzu upande mmoja na Diani upande wa pili, ambao kazi ikipungua au wakipata gitaa bora huuza la mwanzo. Na kuna yale ya mtandaoni, ambapo mtu ameandika tu "guitar, clean, serious buyers only" na picha mbili za giza.

Mimi napenda njia ya kanisa na ya mwanamuziki. Gitaa la mwanamuziki linaweza kuwa na mikwaruzo mingi, lakini limetunzwa, na mwenyewe atakwambia ukweli kwa sababu mtakutana tena. Gitaa la mzigo wa nje linaweza kuwa zuri sana kwa bei ndogo, ila muuzaji mara nyingi hajui anachouza. Hilo lina faida na hasara yake.

Nitakachosisitiza ni kwamba mkutane mahali penye watu, mchana, na penye utulivu kiasi cha kusikia uzi. Kongowea siku ya soko pana watu, lakini hutasikia chochote. Ukumbi wa kanisa, kibaraza cha duka la mtu mnayemjua nyote, au hata petroli stesheni pembeni kidogo, hapo sawa. Nenda na mtu anayejua kupiga ukiweza. Asipopatikana, nenda na simu yenye programu ya kutuni na kadi tano za ATM. Za ATM, ndiyo. Nitaeleza.

Dakika ishirini za ukaguzi

Anza kwa kulitazama kabla ya kulipiga. Geuza, angalia nyufa. Mkwaruzo wa rangi si ufa. Ufa unaingia ndani ya mbao, na ukibonyeza taratibu kandokando yake unaona mbao inacheza. Ufa mdogo mwilini unaweza kuzibwa kwa gundi. Ufa pale shingo inapokutana na kichwa, au pale shingo inapoingia mwilini, ni sababu ya kusema asante na kuondoka, hata kama muuzaji atasema lilishagundishwa na "sasa ni ngumu kuliko mwanzo".

Kisha tazama daraja, kile kipande cha mbao kilichobandikwa tumboni ambacho nyuzi zinashikilia. Chukua kipande cha karatasi, jaribu kukiingiza chini ya daraja kwa nyuma. Kikiingia, daraja limeanza kung'oka. Hapa pwani hilo ni jambo la kawaida kuliko bara, joto na unyevu vinalegeza gundi, na gitaa likiachwa kwenye gari lililofungwa juani pale Changamwe saa saba mchana, gundi inalainika kabisa.

Sasa jambo moja ambalo ningelifanya sheria. Kama gitaa ni la nailoni lakini limefungwa nyuzi za chuma, usilinunue. Utalitambuaje? La nailoni kichwa chake kina matundu mawili marefu yenye vipipa vya plastiki ambavyo nyuzi huzungushiwa, na kwenye daraja nyuzi hufungwa kwa fundo. La chuma kichwa chake kwa kawaida ni kizima, na kwenye daraja nyuzi huzuiliwa na vijiti vidogo sita. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na zaidi, ya nailoni karibu kilo 40 hivi. Gitaa la nailoni halikujengwa kubeba mzigo huo. Huenda leo linalia vizuri, lakini daraja na shingo vimeshaanza safari.

Tukiacha mwili, tuje kwenye urefu wa nyuzi kutoka shingoni. Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapoangamia. Hesabu vile vyuma vya shingoni kutoka kichwani mpaka cha 12. Kwenye magitaa mengi ya nailoni, cha 12 kiko pale pale shingo inapokutana na mwili, na kwenye ya chuma mara nyingi kimewekewa alama mbili. Kadi ya ATM ina unene wa milimita 0.76. Panga kadi tatu pamoja, epuka ile sehemu yenye namba zilizoinuka, ziingize kati ya chuma cha 12 na uzi mnene kabisa. Kwenye gitaa la chuma, kadi tatu zikiingia na kuugusa uzi, uko pazuri. Nne, bado unaweza kuishi nalo. Tano zikiingia na kupwaya, hilo gitaa litakutoa machozi. La nailoni nyuzi zake hukaa juu kidogo, nne mpaka tano si tatizo. Ukikosa kadi, ile plastiki kubwa ambayo laini mpya ya simu hukatwa humo ina unene ule ule.

Nyuzi zikiwa juu, uliza kwa nini. Pengine ni kile kipande cheupe cha darajani ni kirefu, fundi atakisugua kwa msasa na kazi imekwisha. Pengine ni shingo imepinda, na hiyo ni habari nyingine. Bonyeza uzi mnene kwenye chuma cha kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapokutana na mwili kwa mkono wa pili. Uzi sasa ni rula yako. Tazama katikati, karibu na chuma cha saba. Kukiwa na kanafasi kadogo ka unene wa karatasi ngumu, ni sawa, ndivyo inavyotakiwa. Nafasi ikiwa kubwa kiasi cha kuingiza kadi mbili, shingo imepinda mbele. Magitaa mengi ya chuma yana chuma cha kurekebisha ndani ya shingo, utaona tundu lake la ufunguo kichwani au ndani ya tumbo, na fundi anaweza kukikaza. Mengi ya nailoni ya bei ndogo hayana. Kwa hivyo shingo iliyopinda kwenye gitaa la namna hiyo imepinda moja kwa moja.

Baada ya hapo, litie sauti. Fungua programu ya kutuni, kaza nyuzi kuanzia nene kwenda nyembamba: E, A, D, G, B, E. Ukizungusha vile vikazio vya kichwani, vinatakiwa viende taratibu na kubaki pale ulipoviacha. Kimoja kikirudi nyuma chenyewe, hesabu gharama ya kukibadilisha. Likishatunika, bonyeza kila uzi kwenye kila chuma, kimoja baada ya kingine, kutoka cha kwanza mpaka cha 12. Ni mara 72. Muuzaji ataanza kuangalia saa. Mwache aangalie. Unatafuta ule mlio wa zzzz na zile sehemu zilizokufa ambapo uzi unasema tup na kunyamaza. Zzzz ya uzi mmoja mahali pamoja inatengenezeka. Zzzz ya shingo nzima, achana nayo.

Jaribio la mwisho ni la masikio, ila simu itakusaidia. Piga uzi wazi, programu ikuoneshe noti yake. Kisha bonyeza uzi huo huo kwenye chuma cha 12 na upige tena. Inatakiwa iwe noti ile ile, ila ya juu. Ikiwa imepotea mbali, gitaa hilo litakuwa linadanganya kila ukipanda juu, na hakuna kodi itakayokaa sawa. (Kodi za gitaa, nyuzi kadhaa zikilia pamoja. Ya nyumba iko pale pale.)

Kama lina tundu la kuchomeka waya, lichomeke. Usikubali "inafanya, ni betri tu imeisha". Mengi ya magitaa hayo hutumia betri ya volti tisa, kaninunue mojawapo dukani, urudi nayo. Vitufe vikikwaruza sauti ukivizungusha, mara nyingi ni vumbi. Kimya kabisa ni jambo jingine.

Na yapo ambayo hayafai kukutisha. Nyuzi zilizoshika kutu hazina neno, utazibadilisha. Rangi iliyochubuka, stika za mpira, jina la mtu lililochongwa kwa msumari, yote hayo hayaingii kwenye sauti. Yatumie kushusha bei tu.

Jina kubwa, bei ndogo

Utaona gitaa limeandikwa Fender au Gibson na linauzwa bei ya viatu. Tazama ndani ya tundu la tumbo. Magitaa halali ya mbao huwa na karatasi iliyobandikwa ndani yenye jina la kampuni na namba ya muundo. Jina la kichwani likiwa stika inayoinuka ukikwaruza kwa ukucha, na ndani hakuna kitu, basi unanunua gitaa lisilo na jina. Hilo si dhambi. Lisilo na jina linaweza kuwa zima kabisa, mradi ulipe bei ya lisilo na jina.

Kwa anayeanza, majina mawili ambayo wapigaji wengi watakwambia uyatafute ni Yamaha C40, la nailoni, na Yamaha F310, la chuma. Si magitaa ya ajabu. Uzuri wake ni kwamba yametengenezwa mengi, yanajulikana, mafundi wameyazoea, na ukichoka nayo kuna mtu atayanunua. Kabla ya kwenda kuliona la mtumba, ulizia dukani bei ya jipya la namna hiyo hiyo. Ukishaijua, huyo muuzaji hatakubabaisha. Na bei ya gitaa si bei yote: ongeza nyuzi mpya, mfuko wa kubebea, fundi kama kuna cha kurekebisha, nauli na ada ya kutuma pesa.

Kama pesa haijatimia, usikope haraka haraka kwa sababu muuzaji amesema "ni leo tu". Weka shilingi 150 kila siku kwenye akiba ya simu, ile sehemu ambayo si salio la matumizi. Kwa siku 60 ni 9,000. Na hizo siku 60 zitakuonesha kama kweli unalitaka gitaa, ama ulikuwa umetoka harusini tu.

Sasa pesa

Mazungumzo yanayowaponza watu huwa yanafanana. Muuzaji yuko Magongo, mnunuzi yuko Mtongwe. Muuzaji anaandika:

"Kaka, kuna watu watatu wanaliulizia. Tuma hata elfu mbili tu nikuwekee."

Jibu ambalo halivunji heshima ya mtu na halitoi pesa yako:

"Sawa kaka, nimekuelewa. Mimi nakuja kesho saa nne, nikilipapasa nikalipenda nakulipa zote hapo hapo."

"Mwenzio anatuma saa hii hii."

"Haya, mpe tu, riziki yake. Likibaki nipigie."

Na mara nyingi sana litabaki. Kama ni muuzaji wa kweli mwenye wateja wa kweli, hana haja ya elfu mbili zako. Ukitaka lazima kuweka kitu kidogo, kiwe kiasi ambacho kikipotea hutalala na njaa, na kiwe kwa mtu ambaye mna mnayemjua nyote.

Mkishakubaliana bei, gitaa likiwa mikononi mwako, ndipo simu inatoka. Andika namba mwenyewe huku muuzaji akiisoma, kisha kabla ya kuweka PIN soma jina linalotokea kwenye skrini. Lisome kwa sauti. "Ni wewe huyu?" Kama jina si lake, usigombe, watu wengi hutumia laini ya mke au ya shemeji. Ila mwambie ampigie mwenye laini mbele yako, au atoe namba yake mwenyewe. Mtu anayekasirika kwa swali hilo amekujibu tayari. Na kama anauza kwa biashara, bora zaidi ulipie kwa till yake, jina la biashara linatokea pale pale.

Baada ya kutuma, subirini wote wawili ujumbe uingie. Nikigeuka upande wa muuzaji kidogo, maana wengine wenu mtauza: usitoe gitaa kwa kuoneshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Angalia salio lako mwenyewe.

Kuna jambo ambalo wateja wetu hulichanganya mara kwa mara. Ukituma kwa namba isiyo yenyewe, tupigie mara moja, ombi la kurudisha linaweza kufanya kazi hasa kama pesa haijatolewa. Lakini ukituma kwa mtu uliyekusudia, kwa kiasi ulichokusudia, halafu ukafika nyumbani ukagundua daraja limeng'oka, huo si muamala uliokosewa. Hayo ni mapatano kati yako na muuzaji. Pesa ya simu haiwezi kukagua mbao. Ndio maana zile mara 72 zinatangulia.

Ukiletewa na bodaboda, mkubaliane kwamba malipo ni baada ya kulikagua mlangoni, na nauli ya boda uilipe mbali. Kama liko Nairobi au Kilifi na haliwezi kuonekana, omba mpigiane simu ya video, si video iliyorekodiwa. Mwambie alitaje jina lako, alipige uzi mmoja mmoja, akuoneshe daraja kwa ubavuni na lebo ya ndani. Anayekataa kabisa, unajua la kufanya.

Halafu kuna gitaa la wizi. Vyombo vya kanisa na vya shule huibwa, na huuzwa haraka na kwa bei ya kustaajabisha. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu pia anayepokea mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, na adhabu yake inaweza kufika miaka 14 jela. Kwa hivyo uliza kwa upole: "Umelipiga muda gani? Mbona unaliuza?" Mwombe akupigie hata wimbo mmoja. Ukiona jina la kanisa limepakwa rangi mgongoni na anayeuza hana uhusiano nalo, pigia kanisa kwanza.

Ule ujumbe wa malipo usiufute. Una jina, tarehe, saa na namba ya muamala. Upige picha pamoja na gitaa lenyewe na lebo yake ya ndani, zitume kwa barua pepe yako. Siku mtu akisema hilo gitaa ni lake, utakuwa na cha kuonesha.

Ukilifikisha nyumbani

Kama unavuka feri kwa miguu, ni bure, ila jaribu kuepuka ile saa ya watu kutoka kazini. Libebe mbele, kifuani, si mgongoni. Msukumano wa kwenye njia ya kushukia umevunja vitu vigumu kuliko shingo ya gitaa.

Nyumbani, usilitundike kwenye ukuta wa mabati wala chini ya dirisha linalopigwa na jua la jioni. Liweke ndani ya mfuko wake, na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vya kunyonya unyevu, vitupie viwili humo ndani. Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Jasho na upepo wa bahari vikikutana kwenye chuma, kutu haichelewi.

Seti ya kwanza ya nyuzi ifunge wewe mwenyewe, mbele ya fundi au mpigaji, uone inavyofanywa. Nunua za aina ile ile ya gitaa lako, nailoni kwa nailoni, chuma kwa chuma, na kwa la chuma omba zile nyepesi. Ukiwa unakaa karibu na maji, Likoni au Mtongwe, hesabu kwamba za chuma zitaanza kukwaruza na kupoteza sauti mapema kuliko za rafiki yako wa Nairobi. Zikifika hapo badilisha zote sita kwa pamoja, maana uzi mmoja mpya kati ya mitano mizee hulia peke yake.